Mchaichai, ubani, lavenda: kipi ununue kwanza ukitaka kichwa kitulie nyumbani (na usipigwe hela)

Watu wengi wakishaamua wanataka nyumba inukie vizuri na kichwa kitulie baada ya kazi, wanakimbilia difuza, kile kifaa cha umeme cha kusambaza harufu chenye taa za rangi rangi, pamoja na seti ya vichupa sita vya mafuta. Mimi nasema hapana, anza na majani na ubani, vitu unavyoviona kwa macho, mafuta ya chupa yafuate baadaye na difuza iwe ya mwisho kabisa. Sababu ni kwamba shina la mchaichai hakuna anayeweza kulichakachua ila kachupa ka mililita 10 kanachakachuliwa kirahisi mno. Ndio maana hii orodha nimeipanga hivi, cha juu ni kile ambacho hela yako haipotei.

1. Mchaichai

Bei ya kutupwa, sokoni fungu unalipata kwa hela ya nauli ya daladala, na ukiwa na kauwanja hata kadogo muombe jirani shina lenye mizizi, chomeka, mwagia maji, imetoka hiyo hununui tena. Ukinunua mbichi angalia chini kwenye shina, liwe gumu na limejaa, ukilikwaruza kwa kucha harufu kama ya limau ije saa hiyo hiyo. Ikibidi usogeze pua mpaka liguse ndio uisikie, hilo fungu limekaa, muombe mama akupe jingine. Ukinunua kavu taka yenye ukijani bado, na usinunue ya unga, unga huwezi kujua kimeingia nini humo.

Sasa kupika. Wengi wanatupa shina wanachemsha majani matupu wakati utamu wote uko kwenye shina, kwa hiyo liponde kidogo na mchi, majani yafunge fundo, tia kwenye maji yanayochemka, punguza moto, FUNIKA, dakika tano mpaka kumi. Kufunika sio urembo jamani, ile harufu ndio mafuta yenyewe ya mmea, ukiacha sufuria wazi yanapanda na mvuke jikoni kunanukia weye unakunywa maji ya moto. Na kama lengo ni usingizi usichanganye na majani ya chai, kuna watu wanatia na vijiko viwili vya majani halafu saa saba usiku wako macho wanalaumu mchaichai, kumbe ni kafeini.

Kamomili ya vifuko, ile ya supamaketi, naiweka hapa hapa kama mbadala. Sio mbaya, ila soma pembeni ya boksi uone ni maua ya kamomili peke yake au wamejazia na ladha za kutengeneza.

2. Ubani

Hapa ndio napenda mwenyewe. Ubani ni utomvu wa mti, unatoka sana Somalia na Oman, na ule wa Dhofar daraja la juu wenyewe wanauita Hojari, bei yake imechangamka. Huhitaji kufika huko. Ukienda maduka ya viungo na manukato, Darajani au Marikiti ya Mombasa au Kariakoo, mwambie muuzaji akumiminie kiganjani uangalie: punje kubwa kubwa, za njano mpauko au zenye ukijani, ukizinyanyua kwenye mwanga zinapitisha. Zikiwa nyeusi nyeusi zimejaa maganda na vumbi ni daraja la chini, zinanukia pia ila lipa bei ya daraja la chini. Muombe achome punje moja hapo hapo, muuzaji mzuri hakatai. Harufu inatakiwa iwe safi, na kaundimu fulani kwa mbali, ikikupiga kama plastiki inaungua ondoka.

Nyumbani washa mkaa kwenye chetezo, subiri mpaka wote uwe na majivu meupe juu, ndio uweke punje moja au mbili. Ukiweka mapema unapata moshi wa mkaa na sio ubani. Dirisha wazi, hilo halina mjadala, mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu, na usiuache ukawa umelala. Mwenye pumu nyumbani ruka namba hii nzima.

Udi je? Udi wa vijiti mzuri ni ghali na feki ni nyingi, na udi wa kupika wa sukari na marashi unanunua kwa mama unayemjua mkono wake, sio kwa mtu uliyemuona mtandaoni jana. Halafu udi una shughuli zake nyingine za ndani ya ndoa, huko tusiingie leo.

3. Mafuta ya lavenda

Kwenye mafuta ya chupa hii ndio ya kwanza, ndiyo iliyofanyiwa utafiti sana kwenye mambo ya wasiwasi na usingizi. Usitegemee miujiza lakini, inasaidia kutulia, haitibu mtu anayekosa usingizi miezi, huyo aende kwa daktari.

Lebo iandikwe Lavandula angustifolia. Ukiona Lavandula x intermedia hiyo ni lavandini, chotara wake, bei nafuu, ina ukali wa kafuri kidogo, nzuri kwa nguo na kudekia nyumba ila kwa kulalia sio yenyewe. Na ukiona imeandikwa "fragrance oil" hayo ni manukato ya kiwandani, hayajakamuliwa kwenye ua lolote. Nunua ya mililita 5 kwanza.

Hapa niseme kuhusu feki maana inahusu chupa zote. Chupa iwe ya kioo cheusi au kahawia, haya mafuta yanakula plastiki na mwanga unayaharibu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, uliache masaa machache, likikauka likaacha doa la mafuta kama umeweka chapati hapo, wamekuchanganyia mafuta ya kupikia (yale mazito kama ya sandali huacha alama kidogo hata yakiwa orijino, kwa hiyo hicho kipimo ni cha yale mepesi). Na angalia bei kwenye rafu. Duka lenye lavenda, mchaichai, waridi na sandali zote bei moja, hilo duka linakuambia lenyewe.

4. Langilangi

Ya Komoro, ua lile la njano, wenzetu wa visiwani wanalijua. Tamu sana, ya kike kike wengine wanasema, mimi nasema ya kila mtu ila kidogo. Matone mawili chumba kizima, ukizidisha kichwa kinauma.

5. Mkaratusi

Ulipata jina sana 2020 wakati wa nyungu, kule kujifukiza kwa ajili ya corona. Kwa pua iliyoziba ni mzuri, kwa kutuliza akili sioni, unachangamsha zaidi. Majani unaweza kupata bure. Mafuta yake usimpake mtoto mdogo usoni wala karibu na pua, yanaweza kumbana pumzi, na chupa ikae juu kabatini, yakimezwa hata kidogo ni sumu. Kujifukiza na sufuria inayotokota chini ya blanketi na mtoto pembeni pia hapana, watu wameungua.

6. Karafuu

Najua wa Pemba watanirukia. Karafuu kavu nunua bila kufikiria, ukiibana kwa ukucha mafuta yanatoka, ukiitupa kwenye glasi ya maji nzuri inazama au inasimama wima, iliyochoka inalala juu ya maji. Tia mbili tatu kwenye ule mchaichai wa juu. Ila MAFUTA ya karafuu kwa kujistarehesha siyashauri kwa anayeanza, ni makali, yanaunguza ngozi, mjamzito na mtoto wakae nayo mbali. Ukiyataka, jua kuna ya makonyo (vile vijiti vinavyoshika karafuu) na majani, nafuu, na ya karafuu yenyewe, ghali, kwa hiyo uliza kabla ya kutoa hela. Pemba kiwanda cha makonyo kiko Wawi, Chake Chake.

Usinunue: mafuta ya waridi ya bei poa. Kilo moja ya mafuta ya waridi inakula zaidi ya kilo 3,000 za maua, kwa hiyo kile kichupa cha bei ya soda kina kila kitu isipokuwa waridi. Taka harufu ya waridi, nunua marashi ya maji, yanatosha.

Mafuta yoyote ya hapo juu hayapakwi makavu makavu na hayanywewi, hata muuzaji akikuapia. Mililita 30 za mafuta ya nazi au ufuta, matone 12 ya lavenda, basi, usoni weka nusu yake. Jaribu kwanza ndani ya mkono, ulale, uone asubuhi. Ndimu na limau ukipaka usiende juani, ngozi inababuka.

Na difuza, kama bado unaitaka, kabla ya kununua jaribu wiki hivi bakuli la maji ya moto na matone matatu mezani, umeme ukikatika lenyewe linaendelea. Ukiona unalitumia kweli ndio ununue difuza, iwe inajizima yenyewe maji yakiisha na tangi linafunguka lote ukaweza kulisugua, maana zile zenye mdomo mwembamba zinashika ukungu ndani. Nusu saa inatosha, sio usiku kucha. Ila kama una paka ndani achana nayo kabisa, mwili wa paka hauwezi kuyavunja haya mafuta, yanamdhuru, baki na chai yako ya mchaichai.