Mutia wamemfuta, kiingilio wamechukua

Siku zimepita na hasira haijanitoka. Kuna ukumbi mmoja hapa Nairobi unaoonyesha filamu za zamani, halafu mtu anasimama kuwaeleza maisha ya waigizaji. Nilikwenda kusikia habari za Edwina Booth, yule binti wa Utah, Marekani, aliyeletwa huku na kampuni ya filamu ya MGM mwaka 1929 kuigiza filamu ya Trader Horn.

Mwanzoni, haki ya Mungu, sikuwa na lawama. Mtoa maelezo anaijua kazi. Alieleza jua lilivyomchoma dada wa watu kwa vile vazi alilopewa halikumsitiri, malaria, kambi za karibu na maporomoko ya Murchison huko Uganda, hadi kesi ya zaidi ya dola milioni 1 aliyowafungulia MGM, ikaishia kwa mapatano nje ya mahakama. Miaka mingi watu walidhani amekufa, kumbe alikuwa hai hadi 1991! Nilisikiliza mdomo wazi.

Lakini Mutia Omoolu je? Mwigizaji huyu Mwafrika alipatikana huku huku Afrika Mashariki, akaigiza bega kwa bega na Harry Carey, aliyekuwa Trader Horn mwenyewe, mchuuzi wa pembe za ndovu, kisha akavushwa bahari hadi Hollywood kumalizia picha. Filamu inawachora Waafrika vibaya, inaudhi, lakini Mutia akiingia tu, macho yote ni kwake. Nikangoja atajwe. Wapi!

Wakati wa maswali nikanyoosha mkono. "Samahani kaka, huyu Mutia maisha yake yalikuwaje?"

Hakuniangalia hata. Alikuwa anakunja waya wa maikrofoni. "Huyo alikuwa mbeba bunduki tu, mama. Swali lingine?"

Mbeba bunduki ni nafasi aliyoigiza! Mbona Carey yeye hakuitwa mchuuzi wa pembe tu? Watu wakacheka, nami nikakaa chini natetemeka. Kuanzia hapo viti vikawa vigumu, chai yao maji matupu, na hata habari za Booth nikaziona nusu nusu, kana kwamba alizunguka Uganda na Kongo peke yake.

Nilishapanga kuwaleta wanangu. Siwaleti. Ama nitawaleta, maana pengine pa kumwona Mutia kwenye skrini kubwa sipajui, na picha yao ni safi, sauti inasikika vizuri. Wamtafute mtoa maelezo mwingine tu, hata wakipandisha kiingilio nitalipa.