Rangi ya kutia gauni la harusi nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kamati imetangaza rangi za sherehe, na gauni unalo, ila ni jeupe. Kulitia rangi nyumbani ni nafuu kuliko kushona jipya. Fedha hupotea pale mtu anapochagua rangi kabla ya kujua kitambaa, kwa hiyo anza na kitambaa. Chomoa nyuzi chache kwenye pindo la ndani, zibane kwa kibanio, uziwashe juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Hariri hunuka nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuganda kijidonge kigumu. Satini na shifoni nyingi za madukani ni poliesta, hata muuzaji akiziita hariri.

1. Procion MX, kwa pamba, kitani na viskosi (rayoni, kitambaa laini kitokanacho na miti). Hii ndiyo chaguo langu la kwanza bila kusita. Haikai juu ya uzi tu, inaungana nao, ndiyo maana haichuji ovyo ukifua. Haihitaji jiko: maji ya vuguvugu yanatosha. Pima nguo ikiwa kavu. Gauni la nusu kilo linataka gramu 10 hadi 20 za rangi kwa kivuli cha kati, yaani rangi isiyokolea sana wala kupauka, na nyeusi inataka takriban mara mbili ya hapo. Kinachoifanya ishike ni kabonati ya sodiamu, yaani magadi yaliyosafishwa. Magadi ya kupikia maharage ni hafifu zaidi kwa kazi hii, na baking powder haifai kabisa. Ukishachanganya rangi na magadi, itumie siku hiyo hiyo, maana nguvu yake huisha ndani ya saa chache. Funika pua na mdomo unapopima unga, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu. Mwishoni suuza kwa maji baridi mpaka yapungue rangi, kisha fua kwa maji ya moto na sabuni. Usiruke hatua hii: rangi isiyoshika ikibaki, jasho la ukumbini litaihamishia kwenye shati la bwana harusi.

2. Dylon ya kutia kwa mkono. Kwa anayeanza, hii ni rahisi zaidi. Pakiti ya gramu 50 inatosha gramu 250 za nguo kavu, pamoja na chumvi gramu 250 na lita 6 za maji ya nyuzijoto 40 za Selsiasi. Watu wengi hukosea hapo: wananunua pakiti moja kwa gauni refu, kisha wanalalamika kuwa limepauka. Nunua mbili au tatu. Kwenye mchanganyiko wa pamba na poliesta tarajia kivuli chepesi, na kwenye poliesta tupu usitarajie kitu.

3. Rit DyeMore, kwa poliesta. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya usumbufu wake tu, lakini mwenye gauni la poliesta aihesabu kuwa ya kwanza. Inataka maji yanayokaribia kuchemka, kwa nusu saa au zaidi, kwenye sufuria pana ya chuma kisichoshika kutu, nawe ukigeuza nguo muda wote. Sufuria ikiwa ndogo, gauni litatoka na madoadoa.

4. Rangi za vati, zile za watengeneza batiki. Uimara wake ni wa hali ya juu, lakini zinatumia kostiki soda na haidrosi, kemikali mbili kali. Kostiki huchoma ngozi, huharibu hariri na sufu, na hula sufuria ya aluminiamu. Kazi hii mpelekee fundi wa batiki.

5. Manjano ya jikoni. Yanatoa rangi ya kupendeza siku ya kwanza, kisha jua linaipausha. Na sabuni ya mche ikigusa nguo hiyo, inageuka nyekundu kama kutu. Kwa mtandio wa kuchezea, sawa. Kwa harusi, hapana.

Kabla hujalipa, angalia mambo mawili kwenye gauni lenyewe. Uzi wa cherehani kwa kawaida ni poliesta, kwa hiyo mishono ya gauni la pamba itabaki na rangi yake ya zamani. Lesi ya shingoni na bitana nazo zaweza kugoma. Pia rangi mpya hujumlishwa na ya zamani: gauni la njano ukilitia bluu utapata kijani, na gauni jeusi halitakuwa la pinki kwa rangi yoyote ile.

Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, na usikihukumu kikiwa kimelowa, maana nguo mbichi huonekana imekolea zaidi. Kama ni sare za wasimamizi, zitie zote pamoja kwenye beseni moja kubwa. Ukizitia moja moja, hata kwa rangi ya kopo lile lile, vivuli vitatofautiana, na kwenye picha za pamoja vitaonekana wazi.