Kuagiza Picha ya Tingatinga Morogoro Stores, Oysterbay: Tathmini ya Kazi na ya Mapokezi

Anayetaka picha ya Tingatinga, yaani ya mtindo wa uchoraji wenye jina la mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga, ana njia nyingi za kuipata jijini Dar es Salaam. Zinauzwa katika maduka ya hoteli, zinauzwa Mwenge pamoja na vinyago, na wapo vijana wanaozitembeza mitaani zikiwa zimeviringishwa na kubebwa begani. Nimewahi kununua kwa njia hizo na kuridhika. Hata hivyo, baada ya familia yetu kuagiza picha kwa mchoraji mwenyewe, katika kituo cha wachoraji kilichopo Morogoro Stores, Oysterbay, naona ni wajibu wangu kuandika kwa kirefu, kwa sababu tulipewa zaidi ya tulichokilipia, na sehemu ya ziada hiyo inaendelea hadi leo ndani ya nyumba yetu. Msimamo wangu nautaja mapema: ukienda pale, usinunue tu iliyotundikwa. Agiza, kisha kaa uzungumze na atakayekuchorea.

Eneo lenyewe halina fahari. Ni vibanda na baraza ambamo wachoraji huketi chini au kwenye vigoda, picha zikiwa zimelazwa mbele yao, makopo ya rangi yakiwa karibu na mkono, na harufu ya rangi ya mafuta na tapentaini imetanda kila mahali. Picha zimepangwa kuanzia sakafuni hadi karibu na paa: tembo, twiga, chui, kanga wenye madoadoa, masoko, mashua, minazi. Mgeni huitwa huku na kule, jambo la kawaida katika biashara, lakini akisema kwamba anataka kutazama kwanza, huachwa atazame kwa utulivu.

Historia ya mahali hapa inastahili kujulikana kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa inaeleza mengi kuhusu namna watu wake wanavyofanya kazi. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa wilayani Tunduru mwaka 1932, hakupitia chuo chochote cha sanaa. Aliondoka kusini kutafuta riziki, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaja Dar es Salaam, ambako aliishi miongoni mwa ndugu na kujishughulisha na kazi za mikono, zikiwemo za bustani. Alipoanza kuchora, takriban mwaka 1968, hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vitu ambavyo fundi yeyote angevipata dukani: mbao nyembamba za dari, ambazo mara nyingi alizikata mraba wa kama sentimita 60 kwa 60, na rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bahati kubwa ya kwanza katika habari hii yote. Rangi ile hukauka ikiwa na mng'ao mkali na hailainiki kirahisi kama rangi za wasanii, na nadhani ndiyo iliyomsukuma kuchora mnyama mmoja aliye wazi, mwenye mistari ya uhakika, juu ya rangi moja au mbili za nyuma. Laiti angekuwa na fedha za kutosha, huenda tusingekuwa na mtindo huu.

Bahati ya pili ilitoka nyumbani kwake. Mkewe, Agatha Mataka, ndiye aliyekuwa akiuza picha hizo nje ya duka la Morogoro Stores, ambalo wakazi wa Oysterbay, wakiwemo wageni wengi kutoka nje, walilipitia kununua mahitaji yao. Mara nyingi tunapowasifu wasanii tunasahau kwamba kuna mtu aliyekaa juani ili kazi yao ionekane. Picha zilipoanza kununuliwa, Tingatinga hakuificha njia yake, bali aliwafundisha jamaa zake na vijana wa karibu, miongoni mwao January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia na nduguye Simon Mpata. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa na umri wa miaka 40, na muda wake wote wa uchoraji ulikuwa wa miaka michache tu. Mtindo huo ungeweza kuzikwa pamoja naye. Uliokoka kwa kuwa wale aliowafundisha nao waliwafundisha wadogo zao, watoto wa shangazi zao na majirani zao, hadi mwaka 1990 walipojiunga katika chama rasmi cha ushirika ambacho kinaendelea na kazi mahali palepale.

Sasa nieleze oda yetu. Mama yetu alikuwa muuguzi, na miaka yake mingi ya kazi aliitumia katika wodi ya wazazi. Alipokaribia kustaafu, sisi watoto wake tulichanga fedha ili tumpe zawadi ambayo haitaliwa wala kuchakaa upesi. Tulichagua picha ya hospitali kwa kuwa wachoraji wa Tingatinga wana desturi ndefu ya kuchora wodi, waganga na foleni za wagonjwa, na kwa kuwa tulikuwa tumesikia kwamba Tingatinga mwenyewe aliwahi kuajiriwa kama mhudumu katika Hospitali ya Muhimbili. Nilikwenda na mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye nilimtaka aje kwa sababu ya kunisaidia kubeba tu.

Mchoraji aliyetupokea ni mtu mzima, mpole, anayezungumza huku mkono wake ukiendelea na kazi. Nilidhani kwamba nitataja ukubwa, nitalipa kianzio na kuondoka. Badala yake aliiweka brashi chini na kuanza kuniuliza maswali: Wodi hiyo ilikuwa na madirisha ya aina gani? Ndugu wa wazazi walikaa wapi wakisubiri? Nani alileta uji, na alfajiri au baadaye? Mama alivaa kofia? Saa yake aliivaa mkononi au aliibana kifuani? Nilipomwambia kwamba mengine siyajui na kwamba kwa wakati ule kumuuliza mama kungefichua siri yetu, alisema, "Dada, nyumbu ninaweza kuwachora hata usiku, lakini mama yako simjui. Nitafutie anayemjua." Nilimpigia simu mama mdogo, ambaye naye ni muuguzi mstaafu na aliwahi kufanya kazi naye wodi moja. Wakazungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na mchoraji akawa anaandika kwenye kipande cha karatasi.

Wakati mazungumzo hayo yakiendelea, mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda akichora kwa kalamu ya wino nyuma ya risiti. Ana stashahada ya uhasibu na kwa muda mrefu alikuwa nyumbani bila ajira. Kuchora amechora tangu utotoni, na kwetu hakuna aliyelihesabu hilo kuwa kitu cha maana. Mchoraji alipomaliza kuzungumza na simu aliomba aione ile karatasi. Alikuwa amechora mkono wa yule mzee ulioshika brashi. Mzee aliutazama, akamuuliza anafanya kazi wapi, na alipojibiwa kwamba hana kazi, akamwambia, "Basi njoo kesho, mdogo wangu. Sikuahidi mshahara. Utaangalia, utashika unachoweza kushika." Hakuuliza ada wala hakuuliza sisi ni watu wa wapi.

Alikwenda kesho yake na hajaacha kwenda. Mafunzo yenyewe hayana darasa. Alianza kwa kukaza kitambaa kwenye fremu ya mbao, kazi inayohitaji nguvu na jicho, kwa maana kitambaa kilichovutwa upande mmoja huleta mikunjo ambayo hakuna rangi itakayoificha. Baadaye alipewa kupaka rangi ya nyuma, ambayo lazima itandazwe sawasawa na kuachwa ikauke kabisa kabla ya umbo lolote kuwekwa juu yake. Kisha akaruhusiwa kuweka nukta katika manyoya ya ndege na ngozi za wanyama, moja moja, kwa ncha ya brashi iliyochovywa rangi ya kutosha na isiyozidi. Kuchora umbo kamili kwa mkono wake mwenyewe kulikuja mwisho, na bado anasahihishwa. Anaposaidia katika oda kubwa hupewa sehemu ya malipo, na amekwisha kuuza picha ndogo ndogo zake mwenyewe. Kipato hicho si kikubwa, lakini ni chake, na baba, ambaye zamani alimwambia aache kupoteza karatasi, sasa kila jioni humuuliza leo amechora nini. Mimi ni dada yake na naweza kusema kwa yakini kwamba swali hilo limebadilisha hali ya nyumba yetu kuliko fedha.

Tulipokwenda kuchukua picha ya mama, tuliikuta ni kubwa kuliko tuliyopatana. Mchoraji alieleza kwamba maelezo ya mama mdogo hayakuenea katika kipimo cha kwanza, kwamba kuwaondoa ndugu waliobeba chupa za uji kungekuwa kuwaonea, na kwamba kwa hiyo alitumia kitambaa kikubwa zaidi kwa uamuzi wake. Nilitaka kuongeza fedha. Alikataa katakata, akasema kuwa bei ni ile tuliyopatana, na akaomba jambo moja tu: siku moja tumlete mama aone mahali ilipochorwa. Tumekwisha kumpeleka. Waliamkiana, wakakaa, wakazungumza kuhusu wodi za zamani mpaka nikalazimika kuwakumbusha kwamba jua linazama.

Kuhusu ubora wa kazi yenyewe, sina shaka. Rangi ya nyuma ni ya samawati, imetandazwa bila alama za brashi. Vitanda vimepangwa kwa safu mbili, na juu ya kila kimoja kuna mama mwenye khanga ya rangi yake, hakuna khanga mbili zinazofanana. Mlangoni wamejaa bibi, shangazi na watoto wenye vikapu. Mama yetu yupo katikati, kofia kichwani, saa kifuani, mtoto mchanga mikononi. Alipofunguliwa picha hakujitafuta yeye kwanza. Alianza kuwatambua wenzake, mmoja kwa namna alivyoshika kiuno, mwingine kwa unene wake, na hapo ndipo nilipoelewa maswali yote yale yalikuwa ya nini.

Msomaji anapaswa pia kujua mambo mengine ya kuzingatia. Picha nyingi zilizotundikwa zinafanana, kwa sababu mchoro unaouzika hurudiwa na watu wengi, na anayetafuta kitu cha pekee hatakipata kwa kupita haraka kando ya kuta. Bei hutegemea ukubwa na wingi wa kazi ndani ya picha, na kupatana ni sehemu ya biashara, ingawa ningemsihi mnunuzi asimkandamize mtu ambaye ameziweka zile nukta moja baada ya nyingine. Muda nao ni lazima ukubalike. Kila tabaka la rangi ya mafuta linahitaji kukauka kabla ya linalofuata, na siku za mvua hali huwa ngumu zaidi. Ukiambiwa usubiri, subiri, maana picha ikiviringishwa kabla ya kukauka hunata na kubanduka. Anayesafiri achague kitambaa, ambacho hutolewa kwenye fremu na kuviringishwa. Anayebaki nchini na mwenye ukuta wa kutosha afikirie ubao, kwa kuwa mng'ao wa rangi juu ya ubao ni wa namna yake, na ndivyo kazi hii ilivyoanza. Nyumbani itundikwe mbali na jua la moja kwa moja, na vumbi liondolewe kwa kitambaa laini.

Mwenye haraka, kwa mfano anayepita akielekea uwanja wa ndege, anaweza kununua iliyo tayari na atapata kitu kizuri. Lakini kwa zawadi ya harusi, ya kustaafu au ya mtoto aliyezaliwa, ningeshauri oda ianze wiki kadhaa kabla, na mapema zaidi ikiwa inahitajika Desemba. Mteja aende na habari za kutosha kuhusu anayemzawadia, au na namba ya simu ya mtu anayezijua. Apatane bei na ukubwa wazi, alipe kianzio, na akipata nafasi arudi katikati ya kazi aone ilipofika. Sisi tumeagiza nyingine, ya mama mdogo, na safari hii rangi ya nyuma inapakwa na mdogo wangu.