Toyota Harrier Hybrid ya 2014 hadi 2020: utunzaji wake, na kinachoiua

Wanaoulizia Harrier Hybrid kwenye yadi za Dar es Salaam na Mombasa huanza na swali lile lile: betri ikifa itakuwaje? Swali ni la haki, ila linakuja mapema mno. Mara nyingi betri ya gari hili hufa kwa sababu ya kitu kingine kilichoachwa. Feni imejaa vumbi, kulanti imechanganywa na maji ya bomba, gesi ya AC imejazwa pamoja na oili isiyo yake. Na wapo wanaoambiwa betri kubwa imekwisha, kumbe ni ile ndogo ya volti 12 ambayo hakuna aliyekumbuka kuipima. Tathmini yetu ni kwamba ni gari tulivu, linalokula mafuta kidogo kuliko ndugu yake wa petroli, na lina vitu vichache vya kuharibika kuliko watu wanavyodhani. Linachohitaji ni fundi asiyelishika kama gari la kawaida.

Tunazungumzia toleo lenye namba ya chesisi inayoanza na AVU65W. Usilichanganye na Harrier Hybrid ya zamani iliyotoka 2005 yenye injini ya V6 ya lita 3.3; hilo ni gari jingine kabisa, lina betri nyingine na spea nyingine. Hili letu lina injini ya 2AR-FXE ya lita 2.5, silinda nne, yenye nguvu farasi 152. Mbele kuna mota ya umeme ya farasi 143, nyuma nyingine ya farasi 68, na vyote kwa pamoja hutoa farasi 197. Mota ya nyuma inajitegemea: hakuna propela shafti inayotoka mbele kwenda nyuma. Inasaidia kwenye utelezi na wakati wa kuondoka, lakini kuitegemea kwenye mchanga mzito au tope la magoti ni kuitafutia joto na kuichosha. Hili si gari la shamba.

Uzuri wake wa kwanza uko chini ya boneti: injini haina mkanda hata mmoja wa nje. Pampu ya maji ni ya umeme, kompresa ya AC ni ya umeme, usukani ni wa umeme. Hakuna alternata, wala stata ya kawaida; moja ya mota mbili zilizo ndani ya gia boksi ndiyo inayowasha injini. Injini inapuliza mafuta kwenye manifoldi kama injini za zamani, kwa hiyo ule uchafu wa vali unaosumbua injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda haumo. Gia boksi nayo haina mkanda wa chuma kama CVT ya Harrier ya lita 2.0. Ndani yake kuna meno tu na mota mbili, na ndiyo maana mara chache utasikia gia boksi ya gari hili imekufa.

Kuhusu mafuta, usiamini takwimu za majaribio ya Japani zinazopita kilomita 21 kwa lita. Kwa matumizi ya mchanganyiko, kilomita 13 hadi 16 kwa lita ni matarajio ya haki, na faida kubwa inaonekana kwenye foleni, pale injini inapozima na gari kusogea kwa umeme. Anayeendesha barabara kuu tu kwa kasi ya 120 hataona tofauti ya kumfurahisha.

Sasa betri yenyewe. Ni ya nikeli (NiMH), si lithiamu, ina volti 244.8, na imekaa chini ya siti ya nyuma. Ndani yake kuna moduli 34, kila moja ya volti 7.2, na kompyuta huzisoma mbili mbili, yaani jozi 17. Inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia matundu yaliyo chini ya siti ya nyuma, karibu na miguu ya abiria. Hapo ndipo maisha yake yalipo. Hewa unayopumua wewe ndiyo inayopumuliwa na betri. Ukiendesha vioo vikiwa wazi kwenye barabara ya vumbi, vumbi hilo linaingia kwenye matundu. Ukivalisha siti kava refu linaloning'inia hadi chini, umeyaziba. Ukiweka magunia au mabegi sakafuni nyuma, umeyaziba vilevile. Kwa hiyo kava za siti za nyuma zikatwe au zifungwe juu zaidi, zisiyafunike matundu, na safari ya vumbi ifungwe vioo na kuwashwa AC, hata kama hakuna joto la kukusumbua wewe.

Kila kilomita 10,000, na kila 5,000 kwa anayeishi mahali pa vumbi jingi, fyonza matundu kwa vakyumu. Mara moja kwa mwaka siti ya nyuma iondolewe na feni yenyewe isafishwe. Mapanga yake hushika tabaka la vumbi na nyuzi za mazulia, feni inazunguka ila hewa haipiti. Usipulize kwa kompresa kuelekea kwenye betri, utausukuma uchafu katikati ya moduli. Feni itolewe, isafishwe kwa brashi laini, irudishwe. Dalili ya feni iliyochoka ni mvumo unaosikika nyuma hata gari likiwa limesimama kwenye kivuli.

Kazi hiyo ya ndani si ya kila fundi. Waya za rangi ya chungwa zina umeme unaoua. Kabla ya kufungua kifuniko cha betri, gari lizimwe, ufunguo uwekwe mbali, betri ndogo ifunguliwe, plagi ya usalama ichomolewe na kutiwa mfukoni, kisha isubiriwe angalau dakika 10 ili kapasita za inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota) zimwage umeme. Glavu ziwe za kuhimili volti 1,000 na zisiwe na tundu. Fundi anayeruka hatua hizo asiruhusiwe kuligusa gari.

Msimbo wa hitilafu P0A80 ukitokea kwenye mashine ya kupimia, maana yake kompyuta imeona jozi hazilingani tena. Hapo gereji nyingi huuza "moduli moja tu". Inawasha gari, mteja anafurahi, halafu baada ya miezi michache jozi nyingine inaanguka, kwa sababu moduli zote zina umri ule ule na ile uliyoongeza haifanani nazo. Ukitaka ukarabati wa kweli, moduli zote 34 zipimwe uwezo wake kwa kuchajiwa na kumwagwa (zikiwa mpya ni Ah 6.5), zipangwe zinazofanana, na mabati ya shaba yanayoziunganisha yasuguliwe kutu. Ukanda wa pwani hewa ya chumvi hula mabati hayo, na kutu pekee inatosha kuleta msimbo wakati moduli ni nzima. Kama nyingi zimechoka, nunua betri nzima mpya. Betri kamili iliyotolewa kwenye gari lililogongwa ni bahati nasibu, usiichukue bila kupewa vipimo vya jozi zote 17 gari likiwa linavuta na likiwa linachaji.

Kuna mazoea matatu ya dereva yanayoichosha betri kimyakimya. La kwanza ni kuweka N kwenye foleni. Kwenye N gari halichaji betri, na AC inaendelea kuinyonya. Kaa kwenye D ukishika breki, au weka P. La pili ni kuacha mafuta yaishe kabisa: gari litasogea kidogo kwa umeme, na betri ikishuka kupita kiasi hakuna cha kuwashia injini, wala huwezi kuistua kwa betri ya jirani. La tatu ni kuliacha gari miezi mingi bila kuguswa. Angalau kila baada ya miezi miwili liendeshwe nusu saa au kilomita 16 hivi.

Betri ndogo iko nyuma, kwenye buti. Ikishuka, taa zinawaka kama mti wa Krismasi, taa ya READY inayoonyesha gari liko tayari kuondoka haitokei, na mtu asiyejua anaambiwa betri kubwa imekufa. Ipime kwanza: gari likiwa limelala usiku, chini ya volti 12.2 ni dalili mbaya. Unapobadilisha, chukua ya aina iliyofungwa yenye mrija wa kutolea gesi nje ya gari, na mrija huo uunganishwe. Na usilitumie gari hili kuwastua wengine.

Kupoza kuna mifumo miwili, na hapa mafundi wengi hukosea. Kuna kulanti ya injini na kuna ya inveta, kila moja na tanki lake. Zote mbili ni ile ya waridi ya Toyota, iliyokwisha kuchanganywa. Ya injini hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, ya inveta 240,000, kisha kila 80,000. Gari la mtumba ambalo historia yake huijui, badilisha zote mbili mara moja. Maji ya bomba yana chumvi inayoacha gamba kwenye njia nyembamba za inveta. Pampu ya inveta ikigoma, utaona msimbo P0A93 na gari litapunguza nguvu mlimani. Namna ya kuihakiki ni rahisi: washa READY, fungua tanki la inveta, utaona maji yanatikisika. Yakitulia kama ya kisimani, simamisha safari.

AC inahitaji onyo lake peke yake. Mota ya kompresa imo ndani ya oili, na umeme wa betri kubwa unapita humo. Oili yake ni ND-11. Oili ya PAG inayotumika kwenye magari ya kawaida hupitisha umeme kiasi cha kuharibu kinga ya umeme ya kompresa, na kiasi kidogo tu kilichobaki kwenye mipira ya mashine ya kujazia gesi kinatosha kuleta P0AA6, msimbo wa umeme kuvuja. Kuondoa uchafu huo kunaweza kukulazimu kubadili kompresa na mabomba. Uliza kabla: mashine hii imewahi kutumika na oili gani? Akisita, ondoka.

Breki pedi hudumu muda mrefu sana kwa sababu mota ndizo zinazopunguza mwendo, na hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Pini za kalipa hazifanyi kazi, zinakauka na kushika kutu, hasa Tanga, Zanzibar na Lamu. Kila mwaka zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya silikoni, hata kama pedi bado nene. Fundi ajue kwamba pampu ya breki inaweza kujiwasha mtu akifungua mlango, piston ikasukumwa huku vidole vyake vikiwa kwenye kalipa. Afungue betri ndogo kwanza. Kubadili mafuta ya breki, DOT 3 kila miaka miwili, hufanywa kwa mashine ya kompyuta, si kwa kukanyaga pedali.

Oili ya injini ni 0W-20, lita 4.4 pamoja na filta, na 5W-30 inakubalika. Kwa foleni na vumbi letu, badilisha kila kilomita 5,000 hadi 7,500. Gia boksi ya mbele na mota ya nyuma zote zinatumia oili ya gia ya Toyota iitwayo ATF WS. Badilisha kila kilomita 80,000, na bolti ya kujazia ifunguliwe kabla ya ile ya kumwagia, isije ikagoma gia boksi ikiwa tupu. Plagi za iridiamu, kilomita 100,000.

Kwenye miteremko mirefu kama Kitonga au Mai Mahiu, betri hujaa kabla hujafika chini na mota zinaacha kusaidia breki. Sogeza gia kwenye S, ishushe hatua mbili tatu, injini ishike gari. Mafuriko yaepuke kabisa: maji yakifika usawa wa sakafu, tayari yamefika jirani na betri. Likiharibika, libebwe juu ya lori, magurudumu yote manne yakiwa hewani; kulivuta magurudumu yakiwa chini kunazifanya mota zizalishe umeme.

Kabla ya kulipa, lisimamishe asubuhi likiwa baridi kabisa. Washa READY, AC kwenye baridi ya mwisho, kaa dakika 20 kwenye P ukiangalia mshale wa chaji. Betri nzima hushuka taratibu, injini inawaka kuichaji dakika chache, inazima. Ikijaa na kuisha haraka haraka, injini ikiwaka kila baada ya dakika moja au mbili, moduli zimechoka. Kisha fundi achomeke mashine na kusoma jozi 17 ukiwa unapanda mlima: tofauti ya hadi volti 0.2 ni ya kawaida, ikikaribia 0.5 kata bei ya betri nzima kwenye bei ya gari mnapozungumza. Inua zulia la nyuma unuse, na utazame bolti za siti. Kutu na harufu ya tope ni ya gari lililozama. Redio itakuwa ya Kijapani inayoanzia 76 MHz na kuishia mapema, ikiziacha stesheni zako nyingi, ila hiyo inatibika kwa kifaa kidogo nyuma ya redio.