Mchungaji aliyeomba kazi kwa mwanamke aliyemkataa: uchambuzi wa Far from the Madding Crowd

Haya, habari zenu. Leo nimeshika hiki, mnakiona? Far from the Madding Crowd, cha Thomas Hardy. Kilitoka mwaka 1874, kwanza kipande kwa kipande kwenye jarida la Cornhill la London, bila hata jina la mwandishi. Nakala yangu ni ya mtumba, jalada limeshikwa na gundi, msiangalie hilo.

Najua mnavyopenda hadithi za Uingereza ya zamani za tajiri kumpenda maskini: bwana ana jumba, binti ni mtumishi, macho yanakutana. Humu hakuna jumba la kifahari. Kuna matope, kondoo, ngano, na watu wa mashambani kama wale wa Dorset, kusini mwa Uingereza, alikozaliwa Hardy mwenyewe, mtoto wa mwashi. Na aliye juu leo, kesho yuko chini. Ndiyo maana kimenishika.

Kinaanza hivi. Gabriel Oak, mchungaji (wa kondoo jamani, si wa kanisani), ana miaka 28, amekodi shamba dogo, ana kondoo 200 ambao hajamaliza kuwalipia. Anamwona binti juu ya gari lililopakia vyombo vya nyumbani, anajitazama kwenye kioo akidhani yuko peke yake. Mbele kwenye geti la ushuru wa barabara, binti anabishana na mlinzi kwa sababu ya peni mbili. Gabriel anatoa zake, anamlipia. Unafikiri alishukuriwa? Thubutu! Kwa kumlipia, amemfanya ashindwe ubishi. Huyo ndiye Bathsheba Everdene. Ndiyo, jina la yule mke wa Uria.

Gabriel anaposa, anakataliwa. Kumbukeni wakati huo mwenye mifugo ni Gabriel, binti anakaa kwa shangazi yake hana kitu. Halafu usiku mmoja mbwa mdogo wa Gabriel, bidii nyingi akili kidogo, anawakimbiza kondoo hadi ukingoni mwa machimbo ya chokaa. Wanaporomoka. Bima hana. Anauza vilivyobaki, analipa madeni, anabaki na nguo za mwilini.

Sasa sura ya 6. Gabriel anakwenda Casterbridge, kwenye gulio ambako wakulima huja kuchagua wafanyakazi. Waendesha magari wamechomeka kamba ya mjeledi kwenye kofia, waezekaji nyasi zilizosukwa, wachungaji wana fimbo zao. Gabriel anajitangaza kama msimamizi wa shamba, hakuna anayemtaka. Anakwenda kwa mhunzi kutengenezewa fimbo ya mchungaji, na koti lake zuri analibadilisha na kanzu ya kazi. Kumaliza tu, wanaotafutwa ni wasimamizi! Na kila mkulima anayemsogelea anauliza, mara ya mwisho ulifanya kazi kwenye shamba la nani? Anajibu: langu mwenyewe. Wanarudi nyuma kama waliosikia kuna kipindupindu.

Hapo nilifunga kitabu kwanza. Wewe uliyewahi kufunga duka lako ukaenda kuomba kazi kwenye duka la mwenzio, unalijua hilo swali.

Usiku huohuo anakuta malundo ya ngano yanawaka, anapanda juu kuzima moto, kisha masizi usoni anamwendea mwenye shamba, mwanamke aliyefunika uso kwa shela: mnahitaji mchungaji, bibi? Shela inainuliwa. Bathsheba. Amerithi shamba la ndugu wa baba yake.

Basi tangu hapo mapenzi yote yanapita kwenye kazi. Nendeni sura ya 21. Bathsheba amemfukuza Gabriel kwa sababu alimwambia ukweli. Siku inayofuata kondoo wanavamia shamba la majani mabichi, matumbo yanajaa gesi, wanaanguka mmoja mmoja. Wafugaji mnaonisikiliza mnajua: inabidi kutoboa ubavu wa kushoto, na mahali penyewe, ukikosea umeua. Anayejua kutoboa ni mmoja tu. Bathsheba anatuma amri, Gabriel anagoma: aombe kwa adabu. Mwisho mwenye shamba anaandika barua ya kumsihi kibarua wake asimtupe. Hakuna busu hata moja pale, lakini mimi moyo ulinienda mbio.

Kisha anaingia Sajini Troy, sare nyekundu, maneno matamu, anazungusha upanga kumzunguka Bathsheba porini mpaka anakata shungi la nywele. Anamwoa. Na mpaka sheria ya mwaka 1882, mali ya mwanamke aliyeolewa Uingereza kwa sehemu kubwa iliishia mikononi mwa mume. Fedha za shamba zinaanza kwenda kwenye mbio za farasi.

Kasoro? Zipo. Wafanyakazi wakikaa kunywa wanapiga soga kurasa na kurasa, kwa Kiingereza cha kijijini kinachochosha. Boldwood, jirani tajiri anayechanganyikiwa kwa kadi moja ya mzaha kutoka kwa Bathsheba, anasumbua zaidi ya kuhuzunisha.

Na kuna jambo silisamehe. Bathsheba anakosea, anapewa nafasi nyingine, kwa sababu ana shamba. Fanny Robin, mtumishi, kabla Troy hajamwoa Bathsheba, alikwenda kanisa lingine siku ya kufunga ndoa na Troy huyohuyo, majina ya makanisa yanafanana, akachelewa. Basi, ndoa ikafa. Baadaye anajikokota kwenda nyumba ya maskini, miguu imekwisha, anaegemea mgongo wa mbwa wa barabarani hadi mlangoni. Wanamwingiza ndani. Akiuliza mbwa yuko wapi, anajibiwa amefukuzwa kwa mawe.

Sura ziko 57, na hakimiliki imeshakwisha, kwa hiyo mnakipata bure kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Mkifika kwa yule mbwa, niandikieni.