Kurasa 19 za London, aya moja ya Lushoto: tathmini ya kitini cha Utawala wa Polisi

Katika steshenari moja iliyo karibu na stendi kuu ya mabasi hapa Moshi kunauzwa kitini cha somo la Utawala wa Polisi, chenye kurasa 96 zilizobanwa kwa spairo na kufunikwa kwa plastiki, kwa bei ya shilingi 8,000. Hakina jina la mwandishi, hakina mwaka, wala hakionyeshi kimetoka chuo gani. "Hicho hakikai, mwalimu," muuzaji aliniambia. "Nikitoa kopi ishirini asubuhi, jioni zimekwisha." Wanunuzi wake wakubwa, kwa maelezo yake, ni wanafunzi wa astashahada za sheria na utawala pamoja na vijana wanaojiandaa kwa usaili wa ajira za polisi. Mimi nilikinunua kwa ajili ya mpwa wangu aliyeanza masomo mwaka huu, lakini kwa kuwa nimefundisha Uraia kwa miaka mingi sikuweza kumkabidhi kabla ya kukisoma chote mwenyewe, penseli mkononi.

Shule ya Polisi Tanzania ipo hapa hapa mjini, na wenyeji wengi tungali tukiiita CCP. Siku za kufunga mafunzo wazazi huja kutoka mikoa ya mbali kutazama gwaride la watoto wao. Kwa hiyo msomaji wa Moshi huwa ameuona uaskari kwa macho kabla ya kuusoma kwenye karatasi, na kitini kinachomfikia yeye kinapaswa kupimwa kwa mizani iliyo kali kidogo.

Sura ya kwanza ndiyo bora kuliko zote. Inaanza na asili ya neno polisi, kutoka neno la Kigiriki polis, yaani mji wenye kujitawala, na politeia, yaani uraia au utaratibu wa kuuendesha mji huo, likapitia Kilatini na Kifaransa hadi kuingia Kiingereza na hatimaye Kiswahili. Jambo ambalo mwandishi amelieleza kwa ustadi ni kwamba kwa karne nyingi neno hilo halikumaanisha askari hata kidogo, bali uendeshaji mzima wa mambo ya mji: usafi, bei za sokoni, mizani, taa za barabarani na ulinzi wa usiku. Ndiyo maana mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipounda cheo cha mkuu wa polisi wa Paris mwaka 1667 na kumpa Gabriel Nicolas de La Reynie, kazi za afisa huyo zilijumuisha kuwasha taa mitaani na kuondoa takataka, sawasawa na kuwasaka wezi. Mwanafunzi akiielewa sehemu hii hatashangaa baadaye kuambiwa kwamba utawala wa polisi ni tawi la utawala wa umma, si mkusanyiko wa mbinu za kukamata watu.

Kutoka hapo kitini kinahamia Uingereza na kukaa huko kwa kurasa 19. Habari zake nyingi ni sahihi na zimepangwa vizuri. Tunaelezwa jinsi wanaume wa vijijini walivyowekwa katika makundi ya watu kumi kumi, kila kundi likiwajibika kumtoa mkosaji wake. Jinsi Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 ilivyoagiza miji iweke walinzi wa usiku na kumlazimisha kila aliyesikia ukunga, yaani kelele za kuomba msaada, atoke kumfukuza mhalifu. Jinsi hakimu Henry Fielding alivyokusanya kikundi kidogo cha wakamataji pale Bow Street, London, mnamo 1749. Na jinsi Patrick Colquhoun alivyosaidia kuanzisha polisi wa Mto Thames mwaka 1798 ili kuzuia wizi wa shehena za meli. Ajabu ni kwamba mwandishi amepita katika makundi hayo ya kumi kumi bila kumkumbuka balozi wa nyumba kumi, na amepita katika ukunga bila kuwataja sungusungu. Mfano ulikuwa mlangoni kwake, yeye akauacha na kutumia nusu ukurasa kufafanua lahaja ya Kiingereza cha kale.

Baadaye anafika Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza wakati huo, ambaye anaelezwa kwa mapenzi makubwa. Polisi wapya wa London walioanza doria tarehe 29 Septemba 1829 walivaa buluu, rangi iliyochaguliwa makusudi ili isifanane na nyekundu ya jeshi. Walibeba kirungu badala ya bunduki. Waliongozwa na makamishna wawili, Charles Rowan na Richard Mayne. Na maagizo yao ya mwanzo yaliweka uzuiaji wa uhalifu mbele ya kazi nyingine zote. Yote haya ni kweli. Lakini kitini kinaendelea kusema kwamba Peel aliandika kanuni tisa za polisi mwaka huo huo, na hapo panahitaji kusahihishwa, kwa sababu ni swali linalopendwa na watunga mitihani. Orodha hiyo ya kanuni tisa, pamoja na ile maarufu isemayo kwamba polisi ni wananchi na wananchi ni polisi, haimo katika nyaraka za 1829. Ilipangwa na mwanahistoria Charles Reith katika karne ya 20, zaidi ya miaka mia moja baadaye, kwa kufupisha mwelekeo aliouona katika kazi ya akina Peel.

Hata hivyo kosa hilo ni dogo likilinganishwa na pengo linalofuata. Baada ya Peel, kitini kinaruka moja kwa moja hadi Tanganyika, kana kwamba konstebo wa London alivua koti lake la buluu kule na kulivaa tena Afrika Mashariki. Msomaji anaachiwa dhana kwamba polisi wa makoloni walikuwa watoto wa polisi wa London, ilhali mzazi wao wa karibu zaidi alikuwa Ireland. Huko Waingereza walikuwa wakitawala watu ambao wengi wao hawakuutaka utawala huo, na kikosi kilichounganishwa mwaka 1836 kilikuwa na sura nyingine kabisa: askari wenye bunduki, wanaolala kambini, wanaopokea amri kutoka makao makuu ya Dublin, na wasiopangwa kufanya kazi katika maeneo walikozaliwa. Jenerali Mwingereza Charles Napier aliuchukua mfano huo mwaka 1843 alipounda polisi wa Sindh, eneo ambalo leo liko Pakistan. Baada ya uasi wa 1857, India ikapata Sheria ya Polisi ya 1861 katika njia hiyo hiyo. Na mwanzoni mwa karne ya 20 maafisa waliokuwa wakipelekwa makoloni walipitishwa kwanza katika kambi ya polisi wa Ireland pale Phoenix Park, Dublin. Sheria za India nazo zilivuka bahari hadi kwetu, kwani Tanganyika ilitumia Kanuni ya Adhabu ya India hadi ilipotungiwa ya kwake mwaka 1930.

Ushahidi wa malezi hayo umo katika maneno tunayoyatumia kila siku, na kitini kinachojitangaza kuwa cha istilahi kingepaswa kuwa cha kwanza kuuona. Tunasema Jeshi la Polisi. Tunasema askari, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu jeshi. Tunasema kurutu, kambi, gwaride na kamanda. Katiba ya mwaka 1977 yenyewe inamhesabu askari polisi pamoja na wanajeshi wengine inapowakataza kujiunga na vyama vya siasa. Mwanafunzi anayesoma kwa kurasa 19 kwamba polisi wa kisasa alizaliwa ili asifanane na mwanajeshi, kisha akafunga kitini na kusikia neno Jeshi la Polisi redioni, ana haki ya kuuliza mambo hayo mawili yanakutana wapi. Kitini hakimjibu, kwa sababu hakikujiuliza.

Historia ya nyumbani imepewa aya moja, mistari kumi na miwili niliyoihesabu. Inasema kwamba polisi wa Tanganyika walianzishwa mwaka 1919 makao makuu yakiwa Lushoto, yakahamia Dar es Salaam mwaka 1930, ukaja uhuru, ukaja Muungano, basi. Wajerumani hawamo kabisa. Hermann von Wissmann, aliyeajiri askari Wasudani huko Cairo mwaka 1889 ili kuzima upinzani wa pwani, hatajwi, ingawa ni kutokana na kikosi chake kwamba neno askari lilipata uzito wa kutisha lililokuwa nao bara. Katika mji ambao kutoka hapo unaweza kupanda gari hadi Old Moshi, mahali Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, aliponyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, kuiandika historia ya ulinzi na amri bila neno moja kuhusu wakati huo ni uzembe ambao nashindwa kuutetea. Vivyo hivyo hakuna maelezo kwamba chini ya Waingereza polisi wa serikali walikaa zaidi mijini na kwenye maeneo ya walowezi na migodi, huku amani ya vijijini ikiachwa mikononi mwa watemi na mamangi na matarishi wao. Hakuna Elangwa Shaidi, Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi hili. Hakuna sungusungu waliozuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakuna polisi jamii, yaani ulinzi unaowashirikisha wananchi, iliyotiliwa mkazo chini ya Said Mwema, aliyekuwa Inspekta Jenerali kuanzia mwaka 2006. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, ambayo ndiyo inayolipa jeshi uhai wake wa kisheria, haikutajwa hata mara moja.

Sehemu ya istilahi ndiyo iliyonishughulisha zaidi, na kwa sababu mbili tofauti. Maneno ya utawala yameelezwa vyema: umoja wa amri, kwamba askari mmoja apokee maagizo kutoka kwa mkuu mmoja, mnyororo wa amri, yaani ngazi ambazo amri hupitia kutoka juu hadi chini, upeo wa usimamizi, yaani idadi ya watu ambao mkuu mmoja anaweza kuwasimamia, ukasimishaji wa madaraka, pamoja na angalizo zuri kwamba mkuu anaweza kukasimu kazi lakini hakasimu uwajibikaji. Hapa sina la kuongeza.

Tatizo ni vyeo. Inaonekana mwandishi alitafsiri kutoka kitabu cha kigeni akiwa na kamusi peke yake, maana mrakibu amekuwa "msimamizi", mkaguzi amekuwa "mchunguzi", na kamishna amekuwa "mjumbe". Hata konda wa daladala ya Kiboriloni angemsahihisha. Ngazi zinazotumika zinajulikana: konstebo, koplo, sajenti, stesheni sajenti na sajenti meja, kisha mkaguzi msaidizi na mkaguzi, kisha mrakibu msaidizi, mrakibu na mrakibu mwandamizi, kisha kamishna msaidizi, kamishna msaidizi mwandamizi, naibu kamishna na kamishna, na juu ya wote Inspekta Jenerali. Kitini kinataja pia sherifu na mkuu wa polisi wa kaunti, watu ambao mpwa wangu hatakutana nao Moshi maisha yake yote, lakini hakielezi OCS anayesimamia kituo, OCD anayesimamia wilaya, wala RPC anayesimamia mkoa, wala kwamba wote hao mwisho wake wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Maneno ya kaunta yameachwa kabisa, nami naona hilo ndilo kasoro kubwa kwa msomaji wa kawaida. Mtu aliyeibiwa simu Mbuyuni haendi kituoni kuomba "taarifa ya awali ya kosa", neno ambalo kitini kimelitoa katika utaratibu wa India. Anakwenda kuandikisha taarifa na kupewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake katika kitabu cha kituo. Aliyejeruhiwa anahitaji fomu ya polisi ya PF3 ili taarifa ya tabibu iingie kwenye jalada. Mtuhumiwa, mshtakiwa na mfungwa yametumika kana kwamba ni neno moja, ilhali mtuhumiwa bado anachunguzwa, mshtakiwa amekwisha kusomewa shtaka, na mfungwa amekwisha kuhukumiwa kifungo. Kuchanganya hayo matatu si kosa la lugha tu. Anayemwita mtuhumiwa mfungwa hatajali kwamba aliyekamatwa bila hati anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana, wala kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka muda wa msingi wa saa nne za mahojiano, ambao huongezwa kwa utaratibu maalumu. Dhamana imeelezwa kwa sentensi moja, na sentensi hiyo haisemi kwamba dhamana ya polisi hailipiwi. Kuhusu mashtaka, kitini kinaendelea kumweka polisi mahakamani kama mwendesha mashtaka wa kawaida, bila kujua kwamba sheria ya mwaka 2008 iliweka msingi wa kazi hiyo kuhamia kwa waendesha mashtaka walio chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka.

Kwa shilingi 8,000, sura ya kwanza na ile ya kanuni za utawala zinatosha kuifidia bei, na mwanafunzi anayetaka historia ya Uingereza kwa Kiswahili kinachosomeka hatapoteza pesa yake. Kwa vyeo, haki za mtuhumiwa na historia ya Tanzania, mimi nisingemruhusu mtu kuingia chumba cha mtihani wala cha usaili akikitegemea. Nakala ya mpwa wangu nimeibandikia karatasi nne za masahihisho. Nilimpelekea muuzaji kopi ya karatasi hizo. Alizipokea kwa adabu, akasema mwenye kazi hupita Ijumaa kuchukua hesabu, naye atampa. Anayekwenda kununua kabla ya hapo afungue kwanza ukurasa wa 61, kwa sababu katika nakala mbili kati ya tatu nilizozikagua dukani ukurasa huo umetolewa kopi mara mbili na wa 62 haupo.