Uzoefu wangu na kadi za kumbukumbu kwa picha za mfululizo

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kamera yangu ndiyo iliyokuwa inachoka. Napiga picha za ndege, na anayenishughulisha kuliko wote ni mdiria, ambaye huelea hewani juu ya maji akipigapiga mabawa mahali pamoja, kisha hujitupa chini kichwa mbele na kuibuka na samaki mdomoni. Kwa kuwa haiwezekani kujua ni lini hasa atajitupa, nilizoea kubonyeza kitufe tangu anapoanza kuelea na kukishikilia hapohapo. Kamera ilianza vizuri, kwa mlio wa haraka usiokatika, lakini mara nyingi ndege alipoyafikia maji mlio ule ulikuwa umeshakatikakatika: picha moja, kimya, picha moja, kimya. Nilipozifungua picha kwenye kompyuta nilimwona mdiria akiwa juu katika picha zaidi ya hamsini, kisha katika picha inayofuata ameshazama na yamebaki mawimbi ya duara tu. Kile kitambo cha mdomo kuyagusa maji, ambacho ndicho nilichokuwa nimekifuata, hakikuwemo.

Kosa halikuwa la kamera. Kila picha inayopigwa huingia kwanza katika kumbukumbu ya muda iliyomo ndani ya kamera, inayoitwa bafa, na kutoka huko ndipo inapoandikwa kwenye kadi. Ni kama pipa linalojazwa kwa bomba nene huku likitoa maji kwa bomba jembamba. Likishajaa, kinachoingia hakiwezi kuzidi kinachotoka. Kamera yangu ina megapikseli 24 na hupiga picha 10 kwa sekunde. Faili ghafi (RAW, yaani picha kama kamera ilivyoinasa bila kuchakatwa) iliyobanwa ina takribani megabaiti 25, kwa hiyo kila sekunde bafa hupokea megabaiti 250, na uwezo wake ni picha 40 hivi. Kadi yangu ya zamani ilikuwa ikiandika megabaiti 70 tu kwa sekunde. Hesabu hiyo inajieleza yenyewe: baada ya sekunde tano na nusu pipa limejaa, na kuanzia hapo kamera inapiga picha zisizofika tatu kwa sekunde hata ukikibonyeza kitufe kwa nguvu zako zote.

Kilichoniudhi ni kwamba kadi ile ilikuwa na tarakimu 170 iliyoandikwa kwa ukubwa usoni mwake, nami niliinunua kwa sababu ya tarakimu hiyo. Sasa ninajua kwamba hiyo ni kasi ya kusoma, yaani kasi ya kuhamisha picha kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta, na hata hiyo hupatikana tu kwa kisomaji maalumu kinachoelewana na kadi hiyo. Kadi za SD za mfumo wa UHS-I (mfumo wa kupitishia data kati ya kadi na kifaa), kama hiyo yangu, ambazo zina alama ya namba I ya Kirumi, zimewekewa kikomo cha megabaiti 104 kwa sekunde katika kiwango chao rasmi. Anayepiga picha za mfululizo anahitaji kasi ya kuandika, na watengenezaji wengi huiweka nyuma ya pakiti kwa herufi ndogo au hawaitaji kabisa. Naliona jambo hili kuwa ni kumkosea mnunuzi.

Njia niliyoipata ya kujilinda ni kuanza na herufi V. V30, V60 na V90 humaanisha kwamba kadi inaahidi kutoshuka chini ya megabaiti 30, 60 au 90 kwa sekunde inapoandika mfululizo. Viwango hivyo vilitungwa kwa ajili ya video, lakini vinamfaa mpiga picha kwa sababu vinazungumzia kiwango cha chini kabisa, ambacho ndicho kinachokutesa bafa inapojaa. Hata hivyo V haitoshi peke yake, kwa kuwa kadi mbili zenye V60 zinaweza kutofautiana sana katika kasi ya juu ya kuandika. Lazima alama ya V na kasi ya juu ya kuandika zisomwe kwa pamoja.

Niliazima kadi ya V60 na nikanunua ya V90, zote za UHS-II, mfumo unaoufuata ule wa UHS-I. Ukizigeuza kadi za aina hii utaona safu ya pili ya pini chini ya ile ya kwanza, na pini hizo ndizo zinazouinua ukomo hadi megabaiti 312 kwa sekunde. Niliweka kamera juu ya meza, nikaiweka kasi ya shata kwenye 1/1000 ya sekunde, nikazima fokasi ya otomatiki, nikailekeza kwenye rafu ya vitabu, kwa sababu ukuta mtupu hutoa faili ndogo zinazodanganya. Kisha nikabonyeza na kuhesabu picha hadi mlio ulipobadilika, na baada ya kuachia kitufe nikapima kwa saa muda ambao taa nyekundu ya kuandikia iliendelea kuwaka. Kadi ya zamani ilinipa picha 54 na taa ikawaka sekunde 14. Ya V60 ilinipa picha 76 na sekunde 8. Ya V90 ilipita picha 300 bila mlio kubadilika, nikaachia mwenyewe.

Zile sekunde 14 ndizo ningependa msomaji azitazame kwa makini, kwa kuwa watu wengi huhesabu idadi ya picha na kusahau muda wa kusubiri. Ndege akirudi hewani baada ya sekunde tatu, mwenye kadi ya polepole anaanza mfululizo wa pili akiwa na pipa lililokaribia kujaa. Kwa kadi ya V90 nilikuta bafa karibu tupu kila niliporudi kubonyeza, na kwa kazi yangu faida hiyo ni kubwa kuliko zile picha 300 ambazo sina haja nazo.

Kabla hujanunua, hata hivyo, hakikisha sloti ya kamera yako ni ya UHS-II. Kadi ya V90 ikiingizwa katika sloti ya UHS-I itafanya kazi, lakini kwa kasi ya UHS-I, na fedha iliyozidi itakuwa imepotea bure. Kamera nyingine zina sloti mbili zisizolingana, moja ikiwa ya haraka na nyingine ya polepole, na mwongozo wa kamera ndio utakaokuonyesha ni ipi. Mimi mwenyewe, wiki ya kwanza baada ya kununua kadi mpya, nilisikia mlio ukikatika kama zamani na nikaingiwa na huzuni ya kweli. Kumbe nilikuwa nimeacha mpangilio wa kunakili kila picha kwenye kadi zote mbili, na ile kadi ya zamani ilikuwa bado katika sloti ya pili. Katika mpangilio huo kadi ya polepole ndiyo inayoamua mwendo wa zote mbili.

Mwenzangu ana kamera inayotumia CFexpress ya aina B, ambayo ni kadi ya aina nyingine iliyo ya haraka kuliko SD, na siku moja aliniachia niijaribu. Kadi hizo zina uwezo wa takribani megabaiti 2,000 kwa sekunde katika toleo la 2.0 la mwaka 2019, na toleo la 4.0 la mwaka 2023 limeuongeza mara mbili. Kwa kamera zinazopiga picha 20 au 30 kwa sekunde sioni njia nyingine. Tahadhari yangu ni moja: baadhi ya kadi hizo hukimbia sana mwanzoni, kisha kasi hushuka sehemu yake ya haraka inapojaa, kwa hiyo tafuta alama ya VPG200 au VPG400, ambayo huahidi kwamba kasi ya kuandika haitashuka chini ya megabaiti 200 au 400 kwa sekunde.

Asiye na uwezo wa kununua kadi mpya sasa hivi aangalie kwanza aina ya faili anayotumia. Faili ghafi isiyobanwa ya megapikseli 24 na biti 14 hufika takribani megabaiti 42, na kuhamia kwenye faili iliyobanwa bila kupoteza ubora kulinisaidia bila gharama yoyote. Kadi ikishanunuliwa, ijaribiwe kwanza kwa programu ya H2testw au F3, ambazo huijaza yote na kuisoma tena ili kufichua kadi bandia, kisha ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe. Ile kadi yangu ya zamani haina ubaya wowote. Naitumia kwa picha za mandhari, ambako napiga moja na kusubiri mwanga ubadilike.